Laini ya Gerezani

Siwema alinipigia kwa simu ya dukani:
"Fundi, imekata tena."
Tena hiyo ilikuwa ya sita, wiki ile ile.

Nikaenda Gerezani, nyumba za Reli,
na begi langu: bisibisi, waya wa akiba,
mswaki uliostaafu kusugua meno.
Modemu ilikaa juu ya friji
imefunikwa kitambaa cha kufuma, kama birika la wageni.
Inataka hewa, nikamwambia, nikaivua.
Akanitazama kana kwamba nimemvua mtu.

Nikafungua soketi ukutani: sisimizi,
ukoo mzima, wamehamia kwenye shaba.
Nikawahamisha kwa mswaki.
Nikakata ncha ya waya iliyoota kijani
(chumvi ya bandarini haibagui nyumba),
nikakaza skrubu, nikapuliza, nikapiga.

Taa ya kwanza. Taa ya pili.
Kisha ule mlio: mbuzi kabanwa na geti,
bati linaburutwa juu ya saruji,
filimbi, mchanga, filimbi,
halafu kimya, kile kimya kitamu
cha mashine mbili zilizoelewana.
Barua zikaanza kushuka.
Siwema huwasomea watu kwa shilingi mia tatu ukurasa,
na barazani walikuwa wakingoja: posa ya Muscat,
ada ya chuo huko Pune,
deni ambalo mwenyewe aliomba lisisomwe kwa sauti.

Dakika nne. Kah! Imekatika.

Nikapunguza kasi, twende mwendo wa kinyonga.
Kinyonga naye akaanguka.
Nikabadili namba. Nikabadili waya.
Nikapanda nguzo nisiyoruhusiwa kupanda.
Nikailaumu mvua, na haikuwa imenyesha tangu Mei.
Nikailaumu kampuni ya simu; hilo halihitaji ushahidi.

Siku ya tatu nikasema, Siwema, piga tena,
na mimi nikaufuata waya kwa kidole:
juu ya mlango, nyuma ya kabati,
chini ya zulia la plastiki,
mpaka chumba cha uani.
Pale, simu nyeusi ya kuzungusha,
na mkonga wake umo sikioni mwa Mzee Lugendo.

Amefumba macho. Nyuma ya kalenda ya mwaka juzi
kalamu yake inaandika
nukta, mstari, nukta, nukta.
Dakika nne: ndio muda wa magoti yake
kutoka kwenye kiti hadi kwenye simu.

Hakushtuka. Aliweka kidole mdomoni.
"Ngoja. Anapiga mbio mno huyu kijana,
hajafundishwa. Lakini kuna neno analo."

Siwema, mlangoni, akanieleza kwa sauti ya chini:
miaka ishirini na saba ya telegrafu,
Kidete, Gulwe, Godegode;
usiku mto ulipobeba reli ni yeye aliyegonga
zuia treni, zuia treni, zuia,
mpaka Kilosa wakajibu.
Tangu astaafu hakuna aliyemgongea.

Ningeweza kuukata ule waya.
Koleo lilikuwa mfukoni, kazi ya sekunde mbili,
na vitabu vyote vya ufundi vingenitetea.

Nikarudi sebuleni, nikaketi mbele ya kompyuta,
nikaandika amri ya herufi chache
ambayo mteja hajawahi kuniomba:
spika iwe wazi mwanzo hadi mwisho,
sauti juu kabisa.
Modemu nikaitoa kwenye friji
nikaiegemeza kwenye ukuta wa chumba chake.

Mkonga ukarudi mahali pake.
Laini ikashika dakika arobaini.
Siwema alisoma posa na pamba masikioni,
jirani akagonga dirisha kuuliza nani anachinjwa,
na sisi tukasikia, upande wa pili wa ukuta,
kucha inagonga mbao, polepole,
ikimwomba yule kijana arudie.